Nilimwangusha Mtoto wa Marehemu Kaka Yangu Ili Wachimbaji Wajue pa Kuchimba

Kosa ni langu. Sikutumwa, sikulewa, sikurogwa. Nilichukua mtoto wa kike ambaye hajafikisha miaka mitatu, nikamweka kwenye baiskeli, nikamfundisha kuanguka. Mnisome mpaka mwisho, halafu mnitukane mtakavyo.

Nitamwita mtoto huyo Boke. Si jina lake. Baba yake, kaka yangu wa tumbo moja, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, Boke akiwa hajaanza hata kukaa. Mama yake, wifi yangu Rhobi (naye nimembadilisha jina), alienda Sirari mpakani kuuza mitumba. Mtoto akaniachia mimi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, na shangazi ni baba wa kike. Nilimpokea kwa mikono miwili. Mikono hii hii!

Mimi sikujaliwa mtoto. Mume aliniacha kwa sababu hiyo. Nilifungua banda la chakula kando ya njia ya kwenda Nyangoto, na rashi ya dhahabu ilipotokea pale kijijini kwetu, watu wakamiminika toka kila mkoa, nikawa nawapikia wachimbaji. Ukipika machimboni unajua mambo yote bila kuuliza. Anayeagiza ugali na dagaa, duara lake limekauka. Anayeagiza samaki mzima na kuita wenzake, limetema. Anayekunywa chai kavu na kutazama chini, huyo anawaza kurudi kwao.

Wale wanaume walikuwa wakiniita Mama Hewa.

"Mama Hewa, chai!"

"Mama Hewa, mwanao hajambo?" Wanacheka mpaka wanapaliwa.

Nami nilicheka nao. Ungefanyaje? Lakini usiulize moyoni kulikuwaje.

Siku moja Rhobi alikuja kutoka Sirari na baiskeli ndogo aliyoikuta kwenye marobota ya mitumba. Ndogo kabisa, ya bluu, magurudumu mawili, haina pedeli wala mnyororo. Wachimbaji waliiona wakaanza.

"Wifi yako kaibiwa! Wakenya wamebaki na pedeli!"

"Hiyo ni ya bondeni tu, mura. Mlimani unaibeba yenyewe."

Niliona aibu. Nikaipeleka Tarime mjini kwa fundi baiskeli mmoja, mzee wa Kiislamu mwenyeji wa Tanga, ili aiwekee pedeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu." Aliigeuza juu chini, akatabasamu. "Hii haina mahali pa pedeli. Imezaliwa hivi."

Akanieleza polepole. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini. Atatembea akiwa amekaa. Akizoea, atakimbia akiwa amekaa. Siku moja, bila mtu kumwambia, atanyanyua miguu na baiskeli itakwenda yenyewe. Hapo ameshajua kazi ngumu, ambayo ni kutoanguka. Pedeli atajifunza baadaye kwa siku moja.

"Ila usimshike kiti," akasema. "Ukimshika, utajifunza wewe kushika, yeye hatajifunza kitu."

Nilirudi nikafanya vile vile. Nawaambia, ilikuwa raha! Boke alitembea nayo mbele ya banda, tik tik tik, kama bata. Baada ya wiki mbili alikuwa anateremka kanjia kalikopita nyuma ya banda kuelekea kwenye maduara. Alikuwa bado anayumba, lakini alikuwa hakamatiki.

Siku hiyo aliyumba akaanguka karibu na kichuguu. Goti likachubuka, damu ikatoka kidogo.

Pale palikuwa na Msukuma mmoja kutoka Geita, nimwite Masanja. Duara lake lilikuwa limekauka muda mrefu. Alikuwa mtu wa chai kavu. Akasema kwa utani, "Jamani, mtoto katuonyesha. Tuchimbe hapa alipomwaga damu."

Wakacheka. Lakini kesho yake wakachimba pale kweli. Siku ya nne wakakutana na mwamba, na mwamba ulikuwa na dhahabu ya kuonekana kwa macho.

Mungu wangu, kelele za siku ile! Masanja alikuja bandani amebeba mguu mzima wa mbuzi. Akapiga goti mbele yangu, mtu mzima yule. "Mayu," akaniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "mtoto wako ana nyota."

Mtoto wako! Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo bila kejeli.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Siku mbili kabla Boke hajaanguka, kibarua mmoja wa Masanja alikuja kuazima beseni langu. Nilimfuata kwa macho, ndiyo tabia yangu. Alichota udongo wa kile kichuguu, akauosha kwenye beseni, akauinamia sana, kisha akamwita bosi wake pembeni. Mchwa huleta juu udongo wa chini. Mchimbaji mzoefu anajua kuusoma. Walikuwa wanajua pale pana kitu kabla mtoto hajapita. Labda Masanja mwenyewe aliona heri watu waseme nyota kuliko waseme kichuguu, wasije wakavivamia vichuguu vyote. Simjui moyo wake. Najua wangu. Nilijua, nikanyamaza.

Kwa nini ninyamaze? Kwa sababu kesho yake waliniita Mama Nyota. Wanaume waliovuta viti bila kunisalimia sasa walisimama nikipita. Vijana wakanipa shikamoo. Banda likajaa mpaka watu wakala wakiwa wamechuchumaa nje.

Wa kwanza kuja kuomba alikuwa Mkurya mwenzetu, mwenye maduara mawili. Nimwite Chacha, huku ukiita Chacha wanageuka watu kumi. "Mama Nyota, niletee mtoto kwangu apite mara moja tu."

Nikampeleka. Boke alifurahi, alidhani tumekwenda kucheza. Nikamweka juu ya baiskeli kwenye kiwanja cha Chacha, nikamwachia. Akaenda hatua kadhaa, akaanguka upande. Wakasogea watu na kigingi, wakakipigilia pale pale. Wakachimba.

Pakatoka kidogo. Kwa eneo lile, hata ungerusha kiatu kingeangukia karibu na dhahabu. Lakini nani alitaka kusikia hivyo? Wakaja wengine, na wengine. Nikawa nampeleka Boke kwenye viwanja kama mtu anavyopeleka mbuzi dume la mbegu.

Kisha likatokea lile ambalo mzee wa Tarime alilisema. Boke akajua.

Ilikuwa kwenye kiwanja cha jamaa wawili kutoka Kahama. Nilimwachia, akasukuma mara tatu, akanyanyua miguu yote miwili, akapita uwanja mzima bila kuyumba! Alifika ng'ambo akageuza kichwa, meno yote nje.

"Shangazi, tazama! Miguu juu!"

Ndugu zangu, mtoto akifanya hivyo mtu mwenye akili anapiga vigelegele. Wanaume wale waliguna. Mmoja akasema, "Mama Hewa, mtoto wako amekuwa dereva. Nyota imehamia kwenye leseni." Wakaangua kicheko.

Mama Hewa! Jina likarudi ndani ya dakika moja.

Nilikasirika. Nisikilizeni vizuri: nilimkasirikia mtoto kwa sababu amejua kuendesha baiskeli. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamvuta mpaka nyumbani, naye njia nzima ananiuliza, "Shangazi, umeona? Umeona?"

Mara iliyofuata nilitangulia asubuhi nikamwaga changarawe njiani. Akateleza. Mara nyingine changarawe hazikutosha, akazipita. Basi nikaanza kukimbia nyuma yake nimeshika kiti, kama vile namsaidia. Mwenye kiwanja akitazama mahali kwa jicho, nami nainamisha kiti upande huo. Mtoto anakwenda chini. Kigingi kinapigiliwa.

Nilijifunza kushika. Nilijifunza vizuri mno!

Alipolia mara ya kwanza, Chacha alikunja uso: "Kilio kinafukuza bahati." Nikamwambia Boke, "Mtoto wa Kikurya halii. Kaza roho." Tangu hapo akawa anauma mdomo wa chini mpaka unakuwa mweupe. Hakulia tena. Wanaume wakamsifu, "Mtoto jasiri huyu!" Nami nikajivuna.

Baadaye akaanza kugeuka kunitazama kabla sijainamisha kiti. Alikuwa ananisoma uso ajue ni wapi. Siku moja aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza aweke wapi kikombe: "Hapa, shangazi?"

Ningeacha pale! Kuna siku mtu anapewa nafasi ya kuacha, na yangu ilikuwa ile. Nilimjibu, "Bado kidogo. Mbele."

Rhobi alikuwa akija Jumapili. Akaanza kuhesabu makovu.

"Wifi, mbona magoti yote mawili? Na viwiko pia?"

"Si anajifunza? Asipoanguka atajuaje?"

"Hebu aendeshe nimwone."

Boke akapanda. Akazunguka uwanja wa nyumbani mara nne, miguu juu, akikata kona kama swala. Rhobi alipiga makofi mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaacha kupiga makofi. Akanigeukia.

"Sasa huyu huwa anaangukia wapi, wifi?"

"Kule kwenye mteremko," nikasema. Uongo ulitoka laini kama uji.

Rhobi akaniamini. Hiyo ndiyo inayoniua. Alinikumbatia akasema, "Asante kunilelea. Si kila mtu ana wifi kama wewe." Akapanda bodaboda, akaenda.

Siku nne baadaye Chacha alikuja tena. Duara lake la pili lilikuwa limemshinda, na alikuwa na kiwanja kipya kwenye mteremko wa mawe yaliyopasuliwa. Alikuwa na hasira.

"Kwa Masanja damu ilitoka. Kwangu mtoto alianguka bila hata kuchubuka. Leo nataka damu, si mchezo."

Nilitazama yale mawe. Yalikuwa na makali kama vigae. Nikasema, "Chacha, hapa pabaya."

Akatabasamu, akawageukia wenzake: "Mama Hewa anaogopa. Angekuwa amezaa angejua mtoto haumii haraka."

Walicheka. Nikamweka Boke juu ya baiskeli.

Nilishika kiti. Tulipofika alipotazama Chacha nikakiinamisha. Boke hakuanguka! Alishusha mguu haraka, akajisawazisha, akaendelea. Alikuwa amejua kweli kweli, mwili wake ulikuwa unakataa kuanguka wenyewe. Nyuma nikasikia mtu anapiga mluzi. Nikamsukuma mgongoni kwa kiganja.

Aliangukia mkono wa kushoto. Nilisikia mlio wake, mkavu, kama unapovunja kuni ya kuwashia.

"Damu ipo!" Chacha akapaza sauti. "Leteni kigingi!"

Walikipigilia mtoto akiwa bado amelala pembeni yake. Boke alikuwa ameuma mdomo, ananitazama. Hakulia. Mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hospitali iko Tarime, si mbali. Bodaboda zilikuwa pale pale. Lakini Chacha aliniambia, "Ukimpeleka watauliza ameumia wapi. Wakija hapa na polisi kazi inasimama. Ngoja tufike kwenye mwamba kwanza." Nami nikaona ana hoja! Nilimpeleka kwa mama mmoja anayeunga mifupa kwa vijiti na vitambaa. Hata yeye alisema, "Hiki ni kiwiko, mimi viwiko siviwezi." Nikamwambia afunge hivyo hivyo.

Rhobi alipopiga simu nikamwambia kijijini kuna mafua makali ya watoto, asije Jumapili hiyo asije akayabeba. "Boke je?" "Mzima. Amelala." Alikuwa amelala kweli, pembeni yangu, anaungua homa.

Siku nane zilipita hivyo.

Rhobi hakuvumilia, akaja siku ya kawaida bila taarifa. Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa, akautazama ule mkono, akamfunga Boke mgongoni kwa khanga, akaondoka. Mlangoni alisimama kidogo.

"Ulisema amelala."

Basi. Akapanda bodaboda kwenda hospitali Tarime.

Daktari alisema mfupa umeshaanza kuunga vibaya. Angeletwa siku ile ile, ungerudishwa mahali pake. Walijaribu walivyoweza. Leo ule mkono haunyooki na haukunjiki mpaka mdomoni. Boke anakula kwa mkono wa kulia tu, na wa kushoto anautembeza umepinda kama mpini wa birika.

Ukoo ukakaa kikao. Hapo ndipo mtaona ubaya wangu wote. Baba yetu mdogo alisema mtoto ni wa upande wetu, kuvunjika ni mambo ya watoto, arudishwe kwa shangazi yake. Wengine wakaitikia. Mila ilikuwa imesimama upande wangu! Rhobi alisimama peke yake kati ya wanaume wale, akasema, "Basi nishtakini. Mtoto simrudishi." Walimtukana. Walimwambia ameharibiwa na Wakenya. Wakamwambia hana mume wa kumtetea, na aliyekuwa mume wake ni kaka yangu.

Wote wakanigeukia mimi niseme neno. Neno moja tu lingemtoa Rhobi kwenye aibu ile. Sikulisema. Nilitazama vidole vyangu vya miguu mpaka alipotoka.

Na lile duara la Chacha? Walishuka mpaka wakakutana na maji. Hakuna kitu. Alikuja bandani, akaagiza ugali na dagaa, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama Hewa, mtoto wako alitudanganya." Bandani wakacheka. Mmoja wao akaniuliza kama ndugu zangu wengine hawana mtoto wa umri ule.

Niliangusha mwiko, nikafunga banda siku ile ile. Nashukuru hilo tu, na si la kujisifu.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Sirari kuomba msamaha. Nilimkuta Rhobi uani anakunja mitumba. Akanitazama kama mtu anavyotazama mvua, wala hakusimama. Boke alikuwa akicheza na vizibo vya soda.

"Msalimie shangazi," Rhobi akasema.

Boke akaja. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama yangu," nikasema.

Alinitazama usoni, kwa makini, vile alivyokuwa akinisoma zamani. Kisha akageuka upande, akajiachia, akaanguka. Pwa! chini kwenye vumbi, kwa ule ubavu wa mkono mbovu. Hakukuwa na baiskeli. Hakukuwa na mtu aliyemgusa. Akalala pale ameuma mdomo, anainua macho kuona kama nimeridhika.

Rhobi alimnyanyua, akampangusa vumbi, akambeba. "Umeona?" akaniambia. "Akikuona wewe ndiyo anafanya hivyo. Tafadhali wifi, usije tena."

Sijaenda tena. Banda halipo, ukoo nauona kwenye misiba, na mtoto pekee aliyewahi kuitwa wangu ninamsaidia kwa kukaa mbali naye.

Nimeandika kwa sababu nimesikia kuna rashi nyingine upande wa Serengeti, barabara ya kwenda Mugumu, na kwamba kuna mtu amemchongea mtoto wa miaka miwili baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, anamzungusha kwenye viwanja vya watu. Kama ni wewe, au ni jirani yako, nisikilize. Boke nilimwangusha mara kumi na moja. Mashimo yaliyotoa ni mawili, na la tatu, lile la Masanja, lilisomwa kwenye kichuguu na mtu aliyeazima beseni langu. Mtoto hana nyota ya dhahabu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Anayekwambia anayo anataka mtoto wako aumie ili yeye awe na la kutumaini.

Hizo baiskeli si mbaya. Mnunulieni mtoto. Shusheni kiti miguu ifike chini, mmwachie, msimshike. Ataanguka kidogo, kama watoto wote. Na akianguka, nawasihi, mwinueni. Msiangalie ameangukia wapi.